Mjusi si kuku: namna ya kumkutanisha dume na jike la mjusi kafiri

Kijana wa nyumba ya pili, hapa Mwanga mjini Kigoma, alinijia jioni moja ya Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshapiga, amekumbatia tangi la kioo ambalo zamani lilikuwa la samaki. Ndani mlikuwa na mijusi kafiri wawili. Mmoja alikuwa amekatika mkia, na mkia wenyewe ulikuwa bado unarukaruka juu ya mchanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Nimewaweka pamoja tangu asubuhi ili wazaane. Sasa dume anataka kumuua jike."

Mijusi wote wawili walikuwa wamejibandika kwenye kioo, matumbo yakitazama nje. Nikawasha tochi ya simu nikachungulia sehemu za mapaja, kwanza huyu, halafu yule.

"Hapa hakuna jike," nikamwambia. "Hawa wote ni madume."

Tuliwatenganisha papo hapo, mmoja akarudishwa ukutani alikotoka. Lakini swali la kijana lilibaki, na ni swali la haki: kama si kuwaweka pamoja, basi wanazaliana vipi? Nimekaa na mijusi kafiri kwenye matangi ya kioo kwa miaka kadhaa, mwanzoni kwa ajili ya somo la baiolojia, baadaye kwa sababu nilishindwa kuacha. Nimekosea, na mijusi wamekufa mikononi mwangu kwa makosa hayo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ningetamani mtu anieleze siku ya kwanza.

Makosa karibu yote niliyoyaona, yangu yakiwemo, yanatoka kwenye banda la kuku. Sisi tumekulia na kuku. Tunajua jogoo mmoja anaachiwa mitetea yake na wanakaa pamoja mwaka mzima. Tunajua kuku anaatamia, anageuza mayai kila siku, vifaranga wakitoka anawafunika kwa mabawa. Basi mtu akianza kufuga mnyama mwingine yeyote anayetaga, akili inakwenda moja kwa moja bandani. Mjusi hafuati hata kanuni moja kati ya hizo. Dume akiachwa na jike mwaka mzima anaweza kumchosha mpaka afe. Mayai yakigeuzwa, kiinitete, yaani mtoto anayeumbika ndani ya yai, kinaweza kufa. Na mama mwenyewe akikutana na mtoto wake wiki mbili baadaye, anaweza kumla.

Kuna chanzo cha pili cha mkanganyiko, nacho ni simu zetu. Ukitafuta maelezo ya kuzalisha mijusi, mengi utakayopata yanamhusu mjusi mmoja tu, Eublepharis macularius, ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la chui kutokana na madoa yake. Kwao anatoka Pakistan, Afghanistan na India, kwenye nchi kavu yenye mawe. Ana kope za macho na hufumba. Mjusi kafiri hana kope, hulamba macho yake kwa ulimi ili yasikauke. Mjusi-chui huyo ana vidole vya kawaida vyenye kucha. Mjusi kafiri ana vidole vyenye vikunjo vinavyomwezesha kutembea juu ya dari. Mayai ya mjusi-chui yana ganda laini kama ngozi, yanavuta unyevu kutoka ardhini; mayai ya mjusi kafiri yana ganda gumu jeupe, dogo mfano wa punje ya mbaazi. Mtu akichukua maelekezo ya mjusi-chui akayatumia kwa mjusi kafiri neno kwa neno, atayaozesha mayai kwa unyevu, na hatajua ni kwa nini. Nitamrejelea mjusi-chui hapa na pale, kwa sababu ndiye aliyechunguzwa sana, lakini nitasema kila mara ninapomzungumzia yeye.

Mjusi kafiri wetu wa ukutani ni Hemidactylus mabouia. Jina hilo la kisayansi lilitolewa mwaka 1818 na Mfaransa Moreau de Jonnès, naye hakumwona Afrika bali visiwa vya Karibi. Asili ya mjusi huyu ni Afrika, na wengi hudhani alivuka bahari ya Atlantiki akiwa amejificha ndani ya meli, zikiwemo zile zilizobeba watumwa. Hilo linaeleza jambo moja kuhusu tabia yake: ni mnyama wa nyufa. Mahali popote penye ufa wa kukaa na mwanga wa kuvutia wadudu, ataishi. Kwa hiyo watu humwona kama mnyama asiyehitaji kitu, wakamtupia kwenye chombo kitupu chenye mchanga, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Sasa tuanze pale kijana alipokosea, yaani kumjua dume na kumjua jike. Rangi haisaidii. Mjusi kafiri hubadilika rangi mwenyewe, mchana anakuwa wa kijivujivu na mabaka, usiku anapauka mpaka unakaribia kuona ndani ya mwili wake. Ukubwa nao hauaminiki, ingawa dume aliyekomaa huwa na kichwa kipana zaidi. Cha kutazama ni upande wa chini. Mweke ndani ya kopo la plastiki linaloangaza, mwinue juu, tazama mapajani. Dume ana mstari wa vitundu vidogo vyenye kitu kama nta ya manjano. Mstari unaanzia paja moja, unapanda mbele ya tundu la haja, unashuka hadi paja la pili, kama paa la nyumba. Kisha nyuma tu ya tundu la haja, pale mkia unapoanzia, utaona vivimbe viwili vimekaa sambamba. Hivyo ni viungo vyake vya uzazi, maana dume la mjusi anavyo viwili, na hutumia kimoja kwa wakati. Jike hana mstari wa vitundu, na mzizi wa mkia wake ni mwembamba.

Shida ni kwa wachanga. Dume asiyekomaa huonekana kama jike kabisa, na hapo ndipo watu huapa kuwa jike wao amegeuka dume. Hakugeuka. Alikuwa bado mtoto. Kama hakuna mstari wala vivimbe, na mjusi ni mdogo kuliko wale wakubwa wa ukutani kwako, usiseme ni jike. Subiri miezi.

Na hakikisha ni wa aina moja. Yule mdogo anayeonekana mchana kwenye shina la mwembe, mwepesi, kichwa kimechongoka, ni wa jenasi nyingine, Lygodactylus. Kumweka na mjusi kafiri si kumtafutia mwenzi, ni kumpelekea mwenzake chakula.

Hapa nisimame kidogo nizungumze kuhusu majirani, kwa sababu huwezi kufuga mjusi kafiri Kigoma bila kuulizwa. Bibi mmoja wa Ujiji, ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi, aliniambia, "Mwanangu, huyo si wa kufugwa, huyo ndiye aliyeupuliza moto wa Nabii Ibrahimu." Simulizi hiyo ndiyo iliyomfanya mjusi huyu aitwe kafiri, na kwa wengi hapa kumpiga ni jambo jema. Sikubishana na Bibi. Nilichomweleza ni kwamba hana sumu, kwa sababu alikuwa pia anaamini kwamba mkojo wake unaunguza ngozi na kwamba akianguka kwenye sufuria familia nzima itakufa. Hakuna aina ya mjusi huyu, hapa wala pengine, yenye sumu. Alichonacho ni bakteria wa salmonela kwenye kinyesi, na hao wanaumiza watu kweli, hasa watoto chini ya miaka mitano. Basi sheria ya nyumbani kwangu ni moja: ukigusa mjusi au tangi lake, unanawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine, na vyombo vya mijusi havioshwi mahali pa kuoshea vyombo vya chakula. Bibi alilipokea hilo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Turudi kwenye tangi. Kabla ya kuwakutanisha, kila mmoja akae peke yake kwa muda usiopungua mwezi. Watu wanaona huu ni ucheleweshaji. Mimi naona ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote, kwa sababu mjusi aliyetoka ukutani amekuja na wageni wake: utitiri mwekundu vidoleni na kwenye mikunjo, minyoo tumboni. Katika mwezi huo unatazama kinyesi, unatazama kama anakula, kama anajichuna ngozi yote au inabaki vidoleni kama soksi iliyobana. Mjusi asiyekula peke yake hatakula akiwa na mwenzake. Tangi liwe refu kwenda juu kuliko kwenda pembeni, maana huyu ni mnyama wa ukuta. Mimi husimamisha vipande vya magome ya miti na vigae vilivyoegemezana, ili pawe na nyufa nyingi zenye kina tofauti. Maji ya kunyunyizia jioni yanatosha, atayalamba kwenye kioo. Kwa joto la Kigoma sijawahi kuhitaji taa ya kupasha. Nyuzi 27 au 28 za mchana ndizo alizozoea ukutani.

Sasa jike. Hapa ndipo nataka msomaji akae kwa muda, kwa sababu mazungumzo yote ya kukutanisha huwa yanamzunguka dume: yuko tayari, ana nguvu, anamtaka? Dume yuko tayari karibu wakati wote. Gharama yote iko kwa jike. Mjusi kafiri hutaga mayai mawili kila mara, na ganda la kila yai karibu lote ni chokaa. Chokaa hiyo haitoki hewani. Inatoka mwilini mwake, na akiba yake unaweza kuiona kwa macho: pande mbili za shingo, chini ya ngozi, kuna vifuko viwili vyeupe, kama punje za mchele zilizovimba. Hivyo ni ghala zake za kalsiamu. Vikiwa vimejaa, jike ana kitu cha kutengenezea maganda. Vikiwa havionekani, basi maganda yatatengenezwa kwa mifupa yake.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Jike wangu wa kwanza nilimwacha na dume msimu mzima wa mvua, nikifurahia kila nilipoona mayai: mawili, halafu mengine mawili, halafu mengine tena. Nilikuwa nawalisha kumbikumbi, kwa sababu kumbikumbi wanajaa kwenye taa bila kununuliwa. Kumbikumbi wana mafuta mengi na kalsiamu kidogo sana. Wakati wa mayai ya nne, taya lake lilikuwa limelegea, miguu ya nyuma inatetemeka, na mayai yalionekana wazi tumboni kwa siku nyingi bila kutoka. Alikufa nayo. Nilipomshika, mkia uliokuwa mnene mwezi wa kwanza ulikuwa kama uzi.

Tangu hapo sikutanishi jike mpaka nione mambo matatu kwa pamoja: vifuko vya shingo ni vyeupe na vimejaa, mzizi wa mkia umenenepa, na tumboni hakuna yai. La tatu ni rahisi kwa sababu ngozi ya tumbo inapitisha mwanga, na yai huonekana kama kivuli cheupe cha mviringo. Nina mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma sehemu za gramu, na ninaandika uzito wa kila jike kila wiki. Namba yenyewe si muhimu kama mwelekeo wake. Jike anayeshuka kwa wiki mbili mfululizo hakutanishwi na mtu.

Chakula cha kujaza ghala hizo kinapatikana Kigoma bila gharama kubwa. Nyenje, panzi wadogo na mende waliokuzwa nyumbani, si wale wa jikoni waliokwisha kupuliziwa dawa. Wadudu hao walishwe majani ya mchicha na karoti siku moja kabla, kisha wapakwe unga wa maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa juani na kusagwa mpaka yawe laini kama poda. Kuku anarudi hapa, lakini kama msaidizi. Vitamini D3 ndiyo inayouwezesha mwili kufyonza kalsiamu hiyo, na mwili huitengeneza kwa nuru ya jua isiyopita kwenye kioo, kwa hiyo tangi lisiwekwe mahali pa giza tupu. Nuru ya asubuhi iingie upande mmoja mahali pasipo na kioo, na upande wa pili uwe na kivuli.

Siku ya kukutana yenyewe. Mfugaji wa sungura atakwambia jike apelekwe kwa dume, kwa sababu akiwa kwake anamng'ata mgeni. Kwa mijusi, wapo wanaompeleka jike kwa dume na wapo wanaofanya kinyume, na nimejaribu zote. Ninachokiamini sasa ni kuwanyang'anya wote wawili umiliki. Ninachukua tangi la tatu, safi, lisilo na harufu ya yeyote, ninalipanga magome upya. Jike anaingia kwanza, saa moja hivi kabla ya giza, ili ajue mashimo yako wapi. Dume anaingia giza linapoingia, wote wakiwa wameshiba. Nyufa ziwe nyingi kuliko mijusi, na angalau moja iwe nyembamba kiasi kwamba jike anapita na dume mwenye kichwa kipana hapiti.

Halafu unakaa. Usiende kula, usiende kutazama mpira. Kaa na tochi yenye mwanga hafifu, au iliyofunikwa kitambaa chekundu, utazame.

Kwa kawaida dume hukaribia kwa vituo: anasogea, anasimama, anatoa ulimi kulamba sakafu na hewa, kwa sababu anasoma harufu. Mkia wake unaanza kutikisika taratibu kama wa paka. Hutoa sauti ndogo za kukatakata, ambazo watu husema mjusi anasikitika. Akimfikia, anamng'ata. Hapa ndipo wafugaji wapya wanapopiga kelele na kuingiza mkono. Usiingize. Kung'ata shingoni au begani, akamshikilia bila kumtikisa, huku akiupinda mwili na kuupitisha mkia wake chini ya mkia wa jike, ndiyo namna yao ya kupandana. Jike aliyekubali hutulia na kuinua kidogo mzizi wa mkia. Huchukua dakika chache. Alama ndogo za meno zitabaki na zitatoweka akijichuna ngozi.

Vita ni kitu kingine, na tofauti iko kwenye mahali pa kung'ata na kinachofuata. Dume anayeng'ata mguu, tumbo au mkia, kisha akatikisa kichwa kama mbwa mwenye mfupa, hapandi. Jike anayekataa huinua mwili juu ya miguu, hufungua mdomo, hung'ata, hukimbia. Kukimbia mara moja si tatizo. Kukimbizwa mfululizo, tangi zima, bila dume kusimama, ni tatizo, na hapo unamtoa dume bila kusubiri kuona mambo yatatulia. Damu au mkia kukatika, mchezo umekwisha kwa miezi. Mkia utaota tena, mfupi na wa rangi nyingine, lakini ule wa kwanza ulikuwa ghala la mafuta, na jike asiye na ghala hilo asitage mwaka huo ukiweza kumzuia.

Na kuna utulivu unaodanganya kuliko vita. Asubuhi unakuta dume ametanda katikati ya tangi, jike amejibana kwenye pembe ya juu kabisa, hashuki kunywa, hashuki kula. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo mwenye nyumba anasema wameelewana. Hawajaelewana. Jike anajificha, na atajificha mpaka akonde. Majike wengi wamekufa kwenye tangi lenye amani ya namna hiyo kuliko kwenye ugomvi.

Kwa sababu hiyo dume hakai. Usiku mmoja, au siku mbili tatu kama jike anakula vizuri, kisha kila mmoja kwake. Watu hunijibu: sasa mayai ya pili atayapata wapi? Atayapata. Jike la mjusi wa jamii hii anaweza kuhifadhi mbegu za kiume mwilini kwa miezi, akarutubisha mayai ya awamu nyingine bila kumwona dume tena. Mkutano mmoja mzuri unatosha kwa muda mrefu, na hakuna sababu ya kumrudishia msumbufu.

Jambo hilo hilo linafumbua fumbo ambalo nimeulizwa mara nyingi: "Mwalimu, nilimkamata jike peke yake, hajawahi kuona dume, na ametaga mayai yakaanguliwa." Alimwona dume. Alimwona ukutani, kabla hujamkamata. Kweli ipo mijusi isiyohitaji dume kabisa, kama Lepidodactylus lugubris wa visiwa vya Pasifiki na bahari ya Hindi, ambao karibu wote ni majike na kila mmoja huzaa nakala yake mwenyewe. Mjusi kafiri wetu si miongoni mwao.

Mayai yatatoka wiki kadhaa baadaye, usiku, kwenye ufa mkavu aliouchagua mwenyewe. Yakitoka ni laini, na huwa magumu hewani. Wakati mwingine majike kadhaa ukutani hutaga mahali pamoja, ndiyo maana ukibandua ubao wa zamani unakuta lundo la maganda, mengine matupu tangu mwaka juzi. Na hapa kuku anarudi kwa mara ya mwisho, kama adui. Usiyageuze. Ndani ya yai la kuku kuna vizuizi na nyuzi za kukishikilia kiini kinapogeuzwa. Ndani ya yai la mjusi kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda mapema sana, na ukiligeuza unaweza kukizamisha. Kama lazima uyahamishe, weka nukta ya kalamu ya risasi upande ulioko juu kabla ya kugusa, na nukta hiyo ibaki juu mpaka mwisho. Aina nyingine za mijusi hugandisha mayai kwenye ukuta au jani. Hayo hayabanduliwi, yatapasuka. Unafunika kwa kikombe cha plastiki chenye matundu, unaacha palepale. Mahali pawe pakavu, penye kivuli. Kwa joto letu subiri kama miezi miwili, pungufu kidogo au zaidi kwa kufuata hali ya hewa.

Joto. Huenda umesoma kwamba ukiweka mayai kwenye nyuzi kadhaa utapata majike, nyuzi kadhaa madume. Ni kweli, kwa mjusi-chui. Kwake, mayai yaliyokaa kwenye nyuzi 26 hutoa karibu majike watupu, kwenye nyuzi 32 na nusu hivi madume huwa wengi, na ukipanda hadi 34 au 35 majike hurudi kuwa wengi tena, ila majike hao wa joto kali mara nyingi huwa wakali na kumkataa dume. Namba hizo ni za mjusi yule. Usizichukue ukamtengenezea mjusi kafiri mashine ya kutotoleshea. Mwachie joto la chumba.

Kijana wangu, nikiwa namweleza haya yote, hatimaye alisema kilichomleta. Alikuwa amesikia Wazungu wananunua mijusi. Wananunua, ni kweli, na Tanzania ina kidonda cha jambo hilo. Kwenye msitu wa Kimboza, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, yuko mjusi mdogo anayeitwa Lygodactylus williamsi, aliyeelezwa kisayansi na mtaalamu wa wanyama Loveridge mwaka 1952. Dume wake ni wa buluu inayong'aa, jike ni wa kijani na kahawia, na wote wanaishi juu ya miti ya mikadi. Walikamatwa kwa maelfu kupelekwa kwenye matangi ya Ulaya, mikadi ikikatwa ili kuwafikia walioko juu. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka 2017 mjusi huyo akaingizwa kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ile inayozuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliochukuliwa porini. Wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma chini ya sheria ya mwaka 2009, kwa hiyo kabla ya kukamata chochote msituni, na hata kabla ya kufuga kwa nia ya kuuza, nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya ukaulize kwanza. Nilimwambia kijana kama anatafuta fedha afuge kweli kuku. Kama anataka kumjua mnyama, aje jioni.

Alikuja. Mwezi wa Desemba tulimkutanisha jike mmoja aliyekuwa amenenepa kwa wiki sita na dume wa ukuta wa choo cha nje. Dume alikaa usiku mmoja. Mayai mawili yalionekana tumboni kabla ya mwisho wa Januari, yakatagwa nyuma ya kigae, na kijana akaweka nukta zake za kalamu bila hata kuyasogeza. Jike tulimtoa siku ileile ya mayai, kwa sababu haatamii, na akibaki atawala watoto.

Wa kwanza alitoka asubuhi ya siku ya mvua, urefu wake pamoja na mkia haufiki hata kidole changu cha kati, mkia una pingili nyeusi na nyeupe. Alijichuna ngozi yake ya kwanza akaila. Siku mbili hakugusa chakula kingine. Siku ya tatu kijana alimtilia inzi wadogo wa ndizi mbivu, akakaa mbele ya kioo amekunja miguu, na mama yake alipomwita chakula cha jioni akajibu kwa sauti ndogo sana, "Nakuja mama, anakula."